Umeambiwa Ngoma Yako ni Kopi? Skiza Hii Kwanza Kabla Uifute

Sema wewe ni jathum pale Magunga na umekalia hiyo ngoma yako miezi mitatu. Prodyuza umemlipa na pesa ya boda, video umeshuti huko chini Nyandiwa ziwa likiwa nyuma yako, na Ijumaa jioni ukaiachilia. Wikendi ikaenda poa. Wasee wanaiweka kwa status, mama wa kibanda anakuita staa. Jumatatu asubuhi mtu anadondosha komenti moja: "Hii si ni ya Musa Juma?" Wa pili anasema apana, hiyo ni Okatch Biggy kabisa. Wa tatu anaapa aliiskia kwa Shirati Jazz kabla uzaliwe. Kufika saa sita mchana umeshabatizwa mwizi, na kidole chako kiko juu ya kitufe cha kufuta.

Usifute bado.

Cheki hizo komenti vizuri. Watu watatu, majina matatu. Kama ungekuwa umeiba kwa mtu mmoja, wengi wangemtaja huyo mmoja. Wakitawanyika hivyo, mara nyingi kile wanaskia si wimbo wa mtu, ni kodi. Na si zile za KRA, omera, hizo ni stori ya siku ingine. Hizi ni kodi za gitaa, na huku kwetu Nyanza zimekuwa za kila mtu kama maji ya ziwa.

Lakini usishangilie mapema, juu kuna vitu ndani ya wimbo ambavyo ni vya mtu, na unaweza kuvibeba bila hata kujua. Hapo ndipo wasanii wengi wanachomeka. Wacha tuitenganishe polepole.

Kodi tatu, nafasi nne

Kama uliimba kwaya ya shule ama ya kanisa, unajua do re mi. Kodi ni noti tatu au zaidi zikipigwa kwa pamoja. Ukianzia do unapata do-mi-so. Ukianzia fa unapata fa-la-do. Ukianzia so unapata so-ti-re. Kwa wale wa kinanda, hizo ni C, F na G. Hapo umeshamaliza kodi ambazo zimebeba sehemu kubwa sana ya benga, plus nyimbo nyingi za kanisa, plus rumba ya zamani, plus ile ngoma yako ya Ijumaa.

Sasa piga hesabu. Benga inazungusha kodi kwa mduara, na mara nyingi mduara una nafasi nne. Kodi tatu kwa nafasi nne inakupa 3 mara 3 mara 3 mara 3, yaani njia 81. Toa zile za ovyo, kama kukaa kwa do toka mwanzo hadi mwisho, na zile ambazo hazitaki kurudi nyumbani. Unabaki na chache sana zenye zinachezeka. Halafu kumbuka watu wamekuwa wakirekodi benga tangu miaka ya 1960. Wangefanyaje wasigongane?

Melodi ni kitu kingine kabisa. Hiyo ndiyo sauti unayoimba, ile mtu anapiga mluzi akienda kuteka maji. Chukua noti tano tu na melodi ya hatua nane. Hapo uko na njia 390,625, na bado hujagusa urefu wa kila noti, mahali unapumua, wala mahali unaingia kabla ya ngoma. Kwa hivyo watu wawili wakiwa na kodi sawa, hiyo ni Jumatatu ya kawaida. Wakiwa na melodi sawa, noti kwa noti, na pumzi kwa pumzi, mtu yuko na maswali ya kujibu.

Ndio maana swali la kwanza la kumuuliza yule msee wa komenti ni hili: sekunde ya ngapi? Muulize kwa heshima. Akikuambia "yote tu, vile inaenda", anaongea kuhusu kodi na mdundo. Akikuambia dakika ya kwanza na sekunde arobaini, pale unaposhusha sauti, weka vipokea sauti masikioni uende uskize, juu huyo anaweza kuwa na pointi.

Benga yenyewe ilizaliwa kwa kuazima

Msee anayekwambia benga safi haiazimi hajui benga. Kabla ya gitaa kulikuwa na nyatiti, nyuzi nane, na mpigaji amevaa pete ya chuma kwa kidole cha mguu akigonga nayo chombo chake. Nyatiti haipangi kodi vile piano inapanga. Inazungusha kipande kifupi, inakirudia, inakibadilisha kidogo, inakirudia tena. Wakati gitaa lilifika, vijana wa Kijaluo walichukua ule mzunguko wakauhamishia kwa nyuzi sita. Juu yake wakaweka ule mtindo wa kudonoa kwa vidole uliokuja na santuri kutoka Kongo, kama za Mwenda Jean Bosco wa Katanga za miaka ya 1950. Hicho ndicho kilichungu kilipikwa benga.

Na angalia jiografia yako. Ukiwa Magunga uko Suba, Homa Bay. Teremka kusini uko Migori, vuka mpaka uko Shirati, Tanzania, mahali D.O. Misiani alizaliwa. Jina la Shirati Jazz linatoka hapo. Hakuna mtu aliwahi kuweka afande kwa mpaka kukagua kodi zinazopita. Mwelekeo mwingine ziliruka mbali zaidi: prodyuza P.O. Kanindo alisambaza santuri za benga hadi kusini mwa Afrika, na kule Zimbabwe watu wakaanza kuuita huo mziki "kanindo". Hata jina la mziki wao wa sungura linahusishwa na lebo yake ya Sungura. Wapiga gitaa wa Harare walichukua ule mtindo, wakaupa lugha yao na besi yao, ukawa wao. Huo si wizi. Hivyo ndivyo mziki husafiri.

Kenye hakusafiri bure ni mkono wa mtu. Skiza benga yoyote ya maana: solo inamjibu mwimbaji, inarudia alichoimba, halafu kuimba kunaisha na gitaa zinafungua mbio. Kodi hapo ni zile zile tatu. Lakini ule mchapo wa solo, zile noti zenye ukiziskia sekunde mbili tu unajua ni bendi gani, huo mtu aliutunga. Ukiuchukua ulivyo ukauweka kwa ngoma yako, usijitetee na hesabu ya 81. Haikusaidii.

Korti mbili, majibu mawili

Nje huko watu wamepelekana kortini kwa hii stori, na kesi mbili zinafunza kuliko zingine.

Ya kwanza ni ya Ed Sheeran. Familia ya Ed Townsend, aliyetunga "Let's Get It On" pamoja na Marvin Gaye mwaka wa 1973, ilisema "Thinking Out Loud" ya 2014 imebeba moyo wa ule wimbo. Moyo wenyewe ulikuwa nini? Kodi nne na vile zinapangwa kwa mdundo. Sheeran alibeba gitaa hadi kizimbani Manhattan, akapiga na kuimba mbele ya korti kuonyesha vile kodi kama hizo ziko kwa nyimbo kibao. Alisema hata akishindwa ataachana na mziki. Tarehe 4 Mei 2023 jopo lilisema hakuiba. Kesi ingine juu ya nyimbo hizo hizo ilitupwa mwezi huo huo, na Novemba 2024 korti ya rufaa ikakubali: mchanganyiko wa kodi na mdundo wa kawaida hivyo hauwezi kufungiwa na mtu mmoja.

Ya pili ni ya George Harrison, yule wa Beatles, na hii inafaa ikutie baridi kidogo. Mwaka wa 1970 alitoa "My Sweet Lord". Wenye "He's So Fine", ngoma ya The Chiffons ya 1963, wakamshtaki. Mwaka wa 1976 jaji Richard Owen alisema anaamini Harrison hakuiba kwa makusudi. Akili yake tu ilikumbuka wimbo ambao yeye mwenyewe hakujua anaukumbuka. Halafu akamkuta na hatia hata hivyo. Kufika 1981 hesabu ya malipo ilisimama kwa dola 587,000.

Kwa nini Sheeran apite na Harrison aanguke? Kwa Harrison haikuwa kodi. Ilikuwa vipande viwili vya melodi. Cha kwanza ni so-mi-re. Kama unaimba kwaya, jaribu saa hii, utaona so-mi-re peke yake haina mwenyewe, watoto huimba hivyo wakicheza. Cha pili nacho si cha ajabu. Lakini wimbo wa kwanza ulikuwa unarudia kile cha kwanza mara nne, halafu unaingia kwa cha pili na kukirudia, na wa Harrison ukapitia njia ile ile. Vipande vya kawaida, mpangilio usio wa kawaida. Huo mpangilio ndio ulikuwa mali ya mtu.

Na "sikujua" haikumtoa.

Kwa nini kichwa chako kinakudanganya

Hebu fikiria ni mziki kiasi gani umemeza bila kuomba. Matatu ya Homa Bay kwenda Mbita inacheza. Kinyozi anacheza. Matanga ilikuwa na spika usiku kucha nawe ukiwa na miaka saba umelala kwa benchi. Kanisani, sokoni, harusini. Kichwa kinaweka hizo melodi lakini hakiweki lebo. Miaka kumi na tano baadaye uko na gitaa usiku, stima zimepotea, na kitu kitamu kinakuja chenyewe kama zawadi. Ile tamu ya "imekuja tu yenyewe" ndiyo hatari. Wimbo wa kutunga huja na vipande vinavyokosana. Ule unaokuja umekamilika, mshuku.

Paul McCartney alimshuku wake. Aliamka na melodi ya "Yesterday" kichwani na hakuamini ni yake. Wiki kadhaa alizunguka akiwachezea watu na kuwauliza kama wanaijua, huku ameweka maneno ya muda kuhusu mayai. Alipokosa mwenyewe ndipo akaichukua. Huyo alikuwa staa wa dunia nzima tayari. Wewe wa Magunga unaona aibu kuuliza nini?

Kwa hivyo uliza, lakini uliza sawasawa. Zima biti. Zima kodi. Imba melodi peke yake kwa simu, bila maneno, na utumie watu watatu: mzee mmoja aliyekuwa akinunua santuri, mwalimu mmoja wa kwaya, na didjei mmoja asiyelala. Usiwaulize kama wanaipenda, watakupaka mafuta. Waulize inawakumbusha nini. Kuna pia ile huduma ya Google ya kuvumisha wimbo ikutafutie, ilikuja 2020. Ijaribu, lakini ikikosa jibu usiseme uko salama, maana benga kibao ya santuri bado inaishi tu kwa kabati na kwa kichwa cha huyo mzee.

Ukipata inafanana na ya mtu, usitupe ngoma yote. Kodi ziache, ni zako kama za mwingine. Badilisha melodi inapoanzia, sogeza mahali unaingia, vunja ule mstari unaowakumbusha. Mara nyingi noti tatu zikihama wimbo unapata sura yake, na kusema ukweli huwa unatoka mtamu kuliko ulivyokuwa.

Sheria ya hapa inasema nini

Kenya tunatumia Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na wasimamizi ni KECOBO. Wimbo unalindwa kama umeutia jitihada ya kutosha kuupa sura yake, na kama umeandikwa ama umerekodiwa. Soma hapo tena: ngoma iliyoko kichwani tu, ama uliyoimba mara moja kwa harambee bila mtu kurekodi, bado haijaingia kwa huo ulinzi. Kusajili kwa KECOBO si lazima ndio uwe na haki, lakini cheti kinasaidia sana siku ya kubishana nani alianza. Na hata kabla ya cheti, zile rekodi chafu za simu zenye tarehe usizifute. Ubishi wa "Malaika", kama ni ya Fadhili William ama Adam Salim ama mwingine, umedumu miongo na miongo kwa sababu karatasi ya kumaliza maneno haiko.

Sheria hiyo hailindi wimbo mzima tu. Inalinda pia sehemu yake ya maana, na hata ikiwa imebadilishwa umbo lakini bado inatambulika ilikotoka. Kwa hivyo ile imani ya mtaani kwamba ukichukua sekunde chini ya kadhaa uko sawa, sahau. Hakuna sekunde za bure.

Kingine: mtunzi akifa, haki haizikwi naye. Inaendelea miaka 50 kuhesabu kutoka mwisho wa mwaka aliofariki. Misiani alifariki Mei 2006, basi nyimbo alizotunga ziko chini ya ulinzi hadi mwisho wa 2056. Kuna familia za hawa wazee hapa hapa Nyanza zinaskia solo ya baba yao ikicheza kwa ngoma ya kijana kila wikendi na hazioni hata bob. Ukisoma komenti za hasira, wakati mwingine huyo mwenye hasira ni mjukuu. Si kila anayekuita mwizi ni hater.

Nyimbo za jadi, zile za nyatiti na dodo zisizo na mtunzi anayejulikana, zina sheria yao ya 2016 inayolinda maarifa na sanaa za kiasili. Ukitaka kuzifanyia biashara, anza na wenyewe.

Kukata kipande si kuazima kodi

Hii wengi wanachanganya, kwa hivyo tuimalize haraka. Ukipiga kodi mwenyewe, umeazima wazo. Ukikata sauti kutoka kwa rekodi ya mtu, umechukua vitu viwili: utunzi wake na ile rekodi yenyewe. Kanye West alipotoa "Yikes" mwaka wa 2018, ndani kulikuwa na kipande cha "Kothbiro" ya bendi ya Kenya ya miaka ya 1970, Black Savage. Ayub Ogada na James Mbarack Achieng wakaandikwa kati ya watunzi. Staa mkubwa hivyo hakusema "si ni sekunde kidogo tu". Kipande kilikuwa na wenyewe, na majina yao yakaingia.

Biti ya mtandaoni, hiyo ndiyo mtego wa saa hii

Kama unaniuliza, vijana wa leo hawaumizwi na benga ya wazee. Wanaumizwa na biti. Unanunua biti mtandaoni kwa doh kidogo, hujasoma kwamba laisensi si yako peke yako. Msee wa Rongo ameinunua pia. Na mwingine wa Lagos. Ama prodyuza wako ametumia luupu iliyokuja na programu yake, gitaa tamu limechezwa tayari, na luupu hiyo iko kwa ngoma elfu zingine. Mwenye ngoma moja kati ya hizo akiisajili YouTube, ile mashine ya kutambua sauti inakuja kukushika wewe. Mashine hiyo haiskii kodi zako tatu. Inaskia sauti ile ile, au melodi ile ile.

Kabla ya kulipa studio, muulize prodyuza wako waziwazi: hizi gitaa umezipiga ama umezitoa wapi? Mwambie akuandikie, hata kwa WhatsApp, ni luupu gani na ya kampuni gani. Akikasirika kwa swali hilo, tafuta mwingine. Ukiweza, lipa jathum wa kweli akupigie solo. Bei iko juu kidogo, na kipande kitakuwa chako.

Na mashine ikikushika? Tofautisha mambo mawili. Dai la kawaida linamaanisha mwingine anakula pesa ya video au imezuiwa, lakini chaneli yako iko. Unaweza kulipinga, na mwenye dai ana siku 30 za kujibu. Onyo la hakimiliki ni kali zaidi: matatu ndani ya siku 90 na chaneli inaweza kufungwa. Pinga kama uko na ushahidi, zile rekodi za simu, laisensi, meseji za prodyuza. Usipinge kwa hasira tu.

Kama umeskiza na umepata kweli melodi ni ya mzee fulani, itoe kwanza, halafu mpigie mwenyewe ama familia yake. Usianze na bei. Anza na kusema umeiskia kwake, na ungependa jina lake liingie kwa watunzi na asilimia yake iandikwe. Beba shahidi, andikeni, kila mtu abaki na nakala. Halafu uitoe upya na jina lake hapo chini ya lako.